Daraja la Kuvukia Unguja: Maji Yapimwe Kwanza

Tangu Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, watu wa pande mbili hizi wamekuwa wakiuvuka mlango-bahari ulio baina yao kwa jahazi, kwa meli, kwa boti ziendazo kasi na kwa ndege. Na katika miaka ya karibuni imeshika nguvu fikira ya kwamba sasa yafaa wauvuke kwa magurudumu. Serikali imekwisha kuulizwa Bungeni habari za daraja hilo, ikajibu kwamba mazungumzo yamefanywa na kampuni ya ujenzi ya Kichina, na urefu uliotajwa ni kilomita 50 takriban. Mimi si miongoni mwa wanaoipuuza fikira hiyo. Nchi iliyoiomboleza Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, kisha, kabla mwaka haujatimia, ikaiomboleza Skagit, iliyozama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, ina haki ya kutamani njia ambayo pepo za kusi haziwezi kuipindua. Walakini tamaa njema haiondoi wajibu wa kupima, na neno ninalotaka kulitetea katika safu hii ni moja: daraja la Unguja lisichorewe mstari wala lisifungiwe mkataba kabla maji yatakayozizunguka nguzo zake hayajapimwa kwa misimu yote ya mwaka, na upimaji huo ufanywe na chombo kimoja cha Serikali zote mbili, chenye mamlaka ya kusema ndiyo na mamlaka yaliyo sawasawa ya kusema hapana.

Husemwa kwamba sisi tumekwisha kuzoea kazi ya madaraja, na kwa kadiri fulani ni kweli. Daraja la Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. La Tanzanite, lipitalo juu ya maji ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach kwa kilomita moja na kidogo, lilianza kutumika 2022. Na lile la Kigongo hadi Busisi, lililoikata Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Viktoria kwa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Yote matatu ni kazi za kujivunia. Lakini hata yakiunganishwa ncha kwa ncha hayatimizi kilomita 5, nayo hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya safari ya Unguja. Na lililo kubwa kuliko urefu ni kwamba la kwanza limevuka mkono wa bahari uliotulia, la pili limeambaa ufukweni, na la tatu limevuka ziwa lisilojua kupwa wala kujaa. Hakuna hata moja katika hayo lililosimama katikati ya njia ya bahari inayopita.

Mlango-bahari wa Unguja una tabia zake, na atakaye kujenga ndani yake sharti azijue kama manahodha wetu walivyozijua. Pale uliposonga kabisa upana wake ni kilomita 35 hivi, na kina chake, sehemu nyingi, ni cha mita 30 hadi 40, kwa sababu Unguja imekaa juu ya sakafu moja na bara, tofauti na Pemba iliyotengwa na shimo la mamia ya mita. Zama ambazo bahari ya dunia ilikuwa chini kuliko leo, Unguja ilikuwa kipande cha bara, na wanyama waliingia kwa miguu. Ndiyo maana wahandisi huitazama Unguja kwa hamu, wala hawaitazami Pemba. Lakini uchache huo wa kina, ambao ndio unaolifanya daraja liwezekane, ndio huo huo unaoyafanya madhara yake yawe mazito. Kwani katika mafungu na kingo za mlango huu mwanga wa jua hufika chini, na ulikofika mwanga hustawi matumbawe na majani ya bahari, na palipo na majani ya bahari hujilisha tasi na kasa, na hukua watoto wa changu ambao baadaye huuzwa katika masoko ya Feri, Dar es Salaam, na Malindi, Unguja.

Juu ya hayo kuna mwendo wa maji wenyewe. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na maji ya kujaa huingia kwa milango yote miwili, wa kusini na wa kaskazini, yakakutana kati, kisha wakati wa kupwa yakarejea kila upande kwa njia yake. Pamoja na mwendo huo wa kila siku kuna mkondo mkuu wa pwani yetu, utokao kusini, ambao wakati wa kusi hupita kwa nguvu kuelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hulegea, na pengine katika maji haya ya kina kifupi hugeuka. Maana yake kwa mjenzi ni nini? Maana yake ni kwamba tope litakalotifuliwa mwezi wa Julai halitatua mahali litakapotua tope la Januari, na kwamba tope litakalotifuliwa karibu na makutano ya maji laweza kwenda na kurudi siku nyingi kabla ya kupata njia ya kutoka, likizidi kuwafunika viumbe wasioweza kuhama. Kwa hiyo mtaalamu atakayekuja kwa majuma machache ya kaskazi, bahari ikiwa shwari na picha zikipigika vizuri, akapima, akaandika kitabu kinene, akaondoka, atakuwa ameupima mlango-bahari mwingine, si huu ambao kusi litaukuta una nguzo.

Wala mwaka mmoja hautoshi. Aliyeyahesabu matumbawe ya pwani hii 1997 akafunga daftari lake, asingeyatambua mwaka uliofuata, kwa maana joto la bahari la 1998 liliyapausha na kuyaua kwa wingi, na 2016 balaa hilo likarudi. Bahari isiyopimwa kwa miaka kadhaa haina hali ya kawaida inayojulikana, na isipojulikana hali ya kawaida, madhara ya daraja hayatajulikana kamwe, kwa kuwa kila atakayelalamika ataambiwa kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, na hakutakuwa na daftari la kumhukumu msemaji huyo.

Natazama sasa mstari ambao daraja lingeweza kuufuata. Waya wa kwanza wa umeme wa kwenda Unguja ulilazwa chini ya bahari 1980, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Kunduchi, hadi Fumba. Na wa pili, wenye nguvu ya megawati 100, ulifuata 2013 kwa msaada wa Marekani. Mafundi waliichagua njia hiyo kwa kuwa ni fupi, na sababu hiyo hiyo itawavuta wajenzi wa daraja. Lakini tazama kilichopo katika ncha zake. Upande wa bara pana visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Upande wa Unguja, Fumba imepakana na Ghuba ya Menai, iliyohifadhiwa tangu 1997, na juu kidogo ipo Chumbe na tumbawe lake lililotunzwa vizuri kuliko mengi katika Afrika Mashariki. Njia iliyo fupi kwa mhandisi imeshikwa na hifadhi huku na huku, na hilo si jambo la kugundua baada ya mkataba kutiwa sahihi, wakati ambapo kila kuusogeza mstari kilomita moja kutahesabiwa kuwa hasara ya mkandarasi ambayo Hazina italazimika kuilipa.

Tuzihesabu nguzo. Ikiwa nafasi baina ya nguzo na nguzo ni mita 100, daraja la kilomita 50 litataka nguzo kama 500, na kila nguzo itasimama juu ya vyuma au mabomba yaliyopigiliwa chini ya sakafu ya bahari. Mshindo wa kupigilia husafiri ndani ya maji mbali kuliko usafirivyo hewani, na pomboo, ambaye huona kwa masikio, hupotewa na chakula na watoto wake katika makelele hayo. Pomboo wa Kizimkazi ndio riziki ya vijana wengi wa kusini ya Unguja, wanaowapeleka wageni kuwatazama. Na nyangumi hupita pwani hii kuanzia Julai hadi Oktoba, miezi ambayo mkandarasi naye angependa kufanya kazi baada ya masika kwisha. Baada ya kupigilia, maji yakatwayo na nguzo hukaza mwendo pembeni yake na kuchimba mchanga wa chini, na mchanga uliochimbwa hapa sharti ujilundike kule. Jambo hili hukadirika kwa hesabu, nami silitaji ili kutisha watu; bali hesabu yake hutaka vipimo vya mkondo, na vipimo hivyo havipatikani ofisini.

Kuna jambo jingine ambalo silioni likitajwa na yeyote miongoni mwa wanaolizungumzia daraja hili, nalo ni taa. Wavuvi wa dagaa wa mlango-bahari huu huvua wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo, kwa kuwa taa zao huwakusanya dagaa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine wa kushindana nazo. Ukitoka mwezi, mashua hupumzika. Dagaa hao huchemshwa na kuanikwa kijijini Kama na mahali pengine pa Unguja, kazi ambayo wanawake wengi wanaitegemea, kisha husafirishwa hata kufika Kongo. Mstari wa taa wa kilomita 50, unaowaka usiku kucha kwa mwaka mzima, ni mwezi usiotua. Hakuna fidia ya nyumba wala ya shamba itakayomfikia mvuvi aliyepotewa na giza lake, kwa sababu giza halina hati miliki, na sheria zetu za fidia hazijui kulithamini. Mtu wa kulijibu jambo hili ni mvuvi mwenyewe, wa Kunduchi, wa Mbweni, wa Kizimkazi na wa Mkokotoni, naye aitwe mezani wakati mstari ungali unaweza kufutwa. Maana mkutano wa hadhara unaofanywa baada ya mashine kushushwa bandarini huwa ni wa kuwaarifu watu, wala si wa kuwasikiliza.

Msomaji wangu wa hapa Manzese, Dar es Salaam, ataniuliza, na ana haki ya kuuliza, sisi tulio mbali na ufuko, ambao maji tuyajuayo ni ya Mto Ng'ombe, tuna uhusiano gani na pomboo wa Kizimkazi. Uhusiano upo, nao ni wa karibu. Mto Ng'ombe hupita baina ya nyumba zetu, ukaingia Msimbazi, na Msimbazi hujimwaga baharini pale Salenda, mbele ya macho ya wapitao juu ya Tanzanite. Taka zote tunazozitupa mtoni, na maji machafu ya vyoo ambavyo baadhi yetu huvitapisha mvua kubwa inaponyesha, huishia katika mlango-bahari huo huo unaotakiwa kujengwa. Tathmini itakayozihesabu nguzo na isiihesabu mito ya Dar es Salaam itakuwa imempima mgonjwa bila kuuliza alikuwa na maradhi gani kabla. Kwa kuwa tumbawe lililokwisha kudhoofishwa na uchafu wa mji wa watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, halitaustahimili mzigo wa tope ambao tumbawe zima lingeweza kuustahimili.

Uhusiano wa pili ni mchanga. Ujenzi wa saruji hula mchanga kwa kiasi ambacho watu wengi hawakifikirii, na sisi tuliopanga nyumba zetu kandokando ya Barabara ya Morogoro tunayaona malori yanavyoutafuta mchanga mabondeni na mitoni mwaka hata mwaka. Wazee wa Kunduchi wanalo la kusema katika jambo hili. Mchanga wa mito ya upande wa Tegeta na Mbezi, ambao kwa tabia yake huteremka na kuurudishia ufuko kile ambacho mawimbi yameuchukulia, ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi wa mji, na bahari, isipoletewa fungu lake, ikala nchi kavu, hata hoteli ya Africana ikaangamia. Huko Unguja nako mchanga wa kujengea umekuwa haba kiasi cha Serikali ya Mapinduzi kuudhibiti uchimbaji wake. Basi mchanga wa kilomita 50 za saruji utatoka wapi? Ukitoka mitoni, ufuko wa Kinondoni utaliwa. Ukitoka chini ya bahari, majani ya bahari yatafyekwa pamoja nao. Ukitoka Unguja, kisiwa kitachimbwa mashimo. Swali hili lingepasa kuwa katika ukurasa wa kwanza wa mpango, nami ningependa kuona mpango wowote wa daraja hili unaolijibu kabla ya kutaja gharama.

Jambo ambalo Manzese yaweza kuzifundisha Serikali zetu mbili ni habari ya bonde la Msimbazi. Kwa miaka mingi kila masika Jangwani imefungwa kwa mafuriko, na kila mara dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuinua barabara au kuongeza karavati, mpaka 2018 watu wa serikali, wataalamu na wakazi wa mabondeni walipoketishwa pamoja kuutazama mto mzima, kuanzia vyanzo vyake hata mdomo wake. Daraja jipya la Jangwani, ambalo ni sehemu ya Mradi wa Bonde la Msimbazi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, limetokana na mpango huo wa bonde, wala si bonde lililolazimishwa kulifuata daraja. Wako wenzetu waliohamishwa mabondeni na wana malalamiko yao juu ya fidia, nami siyapunguzi malalamiko hayo. Lakini utaratibu wa kuanza na maji na kumalizia na daraja ulikuwa sahihi, na ikiwa umewezekana kwa mto ambao mtoto huuruka wakati wa kiangazi, seuze kwa bahari.

Sasa niingie katika jambo lililo gumu kuliko yote, ambalo ni kisiwa kuwa kisiwa. Kati ya 1994 na 1997 Unguja ilimtokomeza mbung'o, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiwaua ng'ombe wake kwa nagana. Na kazi hiyo ilifanyika kwa kufuga mbung'o madume kule Tanga, kuyahasi kwa mionzi, na kuyaachilia kwa ndege juu ya kisiwa kwa mamilioni, hata majike yakakosa uzazi. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na wenzao wa kwetu waliichagua Unguja kwa sababu moja kubwa: maji yaliizunguka, na aliyetokomezwa asingeweza kurudi. Kisa cha kinyume chake ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, kisha akavuka, akaenea pwani yote ya bara, na leo hapa Manzese hakuna paa asilolitua wala kifaranga asichokivizia. Bahari ilimzuia mmoja na haikumzuia mwingine. Daraja litaiondoa hata nusu ya ulinzi huo, kwani chini ya turubai la lori la mkaa au la ndizi husafiri wadudu na magonjwa ya mimea ambayo afisa wa karantini wa Malindi, akiwa na geti moja la bandari, huweza kuyashika.

Na magari yenyewe je? Kisiwa cha kilomita za mraba 1,600 na ushei, chenye Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO tangu 2000 ambao vichochoro vyake vilijengwa kwa kadiri ya punda na hamali, kitayaweka wapi magari ya jirani yake mwenye watu milioni 5? Katika barabara ipitayo msitu wa Jozani kima punju, wasiopatikana popote duniani ila Zanzibar, walikuwa wakigongwa mmoja baada ya mmoja mpaka yalipowekwa matuta ya kupunguza mwendo, na hayo yalikuwa ni magari machache ya Unguja ya miaka ya 1990. Taathira ya daraja haiishii pale nguzo ya mwisho inapogusa ufuko. Aghalabu huanzia hapo. Maji ya kunywa ya Unguja, ambayo hutegemea mvua iliyohifadhiwa katika mawe ya chokaa chini ya ardhi, ni sehemu ya mazingira ya daraja, na jalala lake ni sehemu, na bei ya kiwanja Fumba ni sehemu.

Dunia imekwisha kujenga madaraja ya namna hii, na masomo yake hayafanani. Jamaa zetu walioko Ghuba wanaijua njia ya Mfalme Fahd baina ya Saudia na Bahrain, yenye kilomita 25, iliyofunguliwa 1986: sehemu yake ni madaraja, na sehemu ni matuta ya mawe na mchanga yaliyomwagwa baharini, njia iliyo rahisi kwa mjenzi na iliyo nzito kwa maji, kwa kuwa tuta huziba palipokuwa pakipita. Kwetu tuta la namna hiyo, hata la kilomita chache pale penye kina kifupi, lisikubaliwe kabisa. Daraja la Hong Kong, Zhuhai na Macau, lililofunguliwa Oktoba 2018 kwa kilomita 55, ndilo lifananalo na letu zaidi kwa urefu, na ndilo linalotajwa kwa fahari na wanaotaka kutujengea. Lina handaki la kilomita 6.7 ili meli zipite juu yake, na visiwa viwili vya kufanyizwa. Nalo limepita katika maji ya pomboo weupe, ambao idadi yao karibu na kisiwa cha Lantau imepungua sana katika miaka ya ujenzi huo na ya kazi nyinginezo za kujaza bahari. Aprili 2011 mahakama ya Hong Kong, kwa shauri lililofunguliwa na ajuza mkazi wa Tung Chung, ilikibatilisha kibali cha mazingira cha sehemu ya Hong Kong kwa sababu tathmini haikuonyesha hewa ingekuwaje lau daraja lisingejengwa. Septemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikakirudisha. Mshindi alikuwa mjenzi, lakini swali la yule bibi ndilo swali langu: hali ilikuwaje kabla?

Somo lililo jema limetoka baina ya Denmark na Sweden. Daraja la Øresund, lililofunguliwa Julai 2000, lilijengwa katika mlango ambao maji ya chumvi hupitia kuingia Bahari ya Baltiki, na uhai wa samaki wa huko unategemea chumvi hiyo. Mataifa mawili hayo, baada ya kupatana 1991, yaliweka sharti lisilokuwa na mlango wa kutokea: daraja likikwisha, kiasi cha maji, chumvi na oksijeni kinachopita kiwe kile kile kilichokuwa kikipita kabla. Wajenzi walilazimika kuchimba sakafu ya bahari mahali pengine ili kuyapa maji nafasi iliyochukuliwa na nguzo na kisiwa cha kufanyizwa, na tope lililoruhusiwa kupotea majini lisizidi sehemu 5 katika 100 za kilichochimbwa. Hata hivyo waziri wa mazingira wa Sweden, Olof Johansson, alijiuzulu 1994 kwa kutoridhishwa. Daraja lilijengwa, na sharti likashikwa, kwa sababu bahari ilikuwa imepimwa na mataifa yalikuwa na mtu mezani mwao aliyekuwa tayari kuacha cheo chake.

Kwetu ni nani atakayeketi mahali hapo? Mazingira si jambo la Muungano. Bara kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Baraza lake, NEMC. Zanzibar kuna sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Barabara za bara zina TANROADS, za Zanzibar husimamiwa na Zanzibar yenyewe. Uvuvi wa bahari kuu una mamlaka ya pamoja, lakini dagaa na tasi wa mlango-bahari si wa bahari kuu. Ofisi ya Makamu wa Rais kwa miaka mingi imeyabeba Muungano na Mazingira chini ya paa moja, ilhali la pili halimo katika orodha ya la kwanza. Matokeo yake, ikiwa hapatafanywa badiliko, ni vyeti viwili vya mazingira, kimoja kwa nusu ya magharibi na kimoja kwa nusu ya mashariki, vilivyotolewa kwa ripoti mbili za washauri wawili wanaolipwa na mjenzi mmoja, wakati tope, pomboo na dagaa havijui mpaka ulipo. Sheria ya 2004 yenyewe inaijua tathmini ya kimkakati, ile inayofanywa juu ya mpango kabla ya kuwa mradi. Kinachokosekana ni kuifanya kwa pamoja na Zanzibar, kwa mapatano yatakayofungwa na Serikali mbili na kupitishwa na Bunge na Baraza la Wawakilishi.

Tathmini ya namna hiyo italazimika pia kuuliza swali ambalo wenye hamu hawalipendi, nalo ni kama fedha za daraja zingeweza kutoa faida ile ile kwa njia nyingine: kwa vivuko vikubwa vya kubeba malori, vilivyo imara wakati wa kusi na vinavyokaguliwa kwa haki, kwa gati zilizopanuliwa, kwa kuzigeuza bandari bubu zipitishazo vitunguu, mchele na viazi kuwa bandari ndogo zenye maafisa na maboya, na kwa kuyamaliza malalamiko ya ushuru wa tofauti ambayo mfanyabiashara mdogo hukutana nayo bandarini na ambayo daraja halitayaondoa. Kilio cha tozo za Kigamboni, kilichodumu miaka mingi mpaka zikapunguzwa 2022, chatosha kumwambia muuza mitumba wa Manzese kwamba daraja la mita 680 halikuvukwa bure, na la kilomita 50 halitavukwa kwa nauli ya hilo. Tena kutegemea njia moja kuna hatari yake: Unguja inakumbuka ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ilipoharibika njia yake moja ya umeme. Nikiulizwa leo nichague, kwa yale yanayojulikana hivi sasa, nachagua vivuko, na nitabadili rai hiyo vipimo vikinishinda.

Kwa hiyo naziomba Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ziunde tume moja ya upimaji wa mlango-bahari, iwe na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, wa NEMC na ZEMA, na wavuvi wa pwani zote mbili wakiwa wajumbe kamili. Iachwe ipime miaka miwili kwa uchache. Matokeo yake yachapishwe kwa Kiswahili na kuuzwa kwa bei ya gazeti. Na mazungumzo na kampuni yoyote ya ujenzi yasimamishwe mpaka tume itakapomaliza. Vipima-mkondo vishushwe baharini kabla ya kusi lijalo.